Uko Mwingi, simu inasema uko Nairobi: IP yako inajua nini kukuhusu?

Kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja. Zima Wi-Fi, washa data, kisha fungua tovuti ya whatismyipaddress.com. Utaona nambari fulani, na chini yake jina la kampuni ya simu na la mji. Kama uko Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, kuna uwezekano mkubwa uambiwe kwamba uko Nairobi.

Wengi huishia kucheka na kufunga ukurasa. Lakini nambari hiyo, inayoitwa anwani ya IP, ina uzito. Inaweza kuamua kama tovuti ya kazi itakufungulia mlango au itakufukuza. Pia ni mojawapo ya mahali ambapo mpelelezi huanzia akitaka kujua nani aliandika nini mtandaoni. Na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unavyokaribia, kila kijana mwenye simu na maoni anafaa kujua nambari hii inasema nini, na haiwezi kusema nini.

Sanduku la posta la shule

Waulize wazazi wako walikuwa wakipokea barua vipi. Si kila boma lilikuwa na sanduku la posta. Kijiji kizima kilitumia la shule ya msingi au la kanisa: sanduku fulani, 90200 Kitui, au 90300 Makueni. Barua ilifika posta mjini, ikachukuliwa na mwalimu, kisha akaigawa kwa kuangalia jina. Mtu aliyesoma anwani tu kwenye bahasha alijua shule. Nyumba yenu hakuijua.

IP ya data ya simu hufanya kazi karibu hivyo hivyo. Anwani za mtindo wa zamani, zile zenye nambari nne zilizotenganishwa kwa nukta, ziko takriban bilioni 4.3 duniani kote. Hazitoshi. Hazina kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Kwa Afrika, anayegawa ni AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius. Tangu Januari 2020, kampuni inayoomba anwani huko hupewa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Shirika lenyewe likazama katika kesi na mvutano, likakaa bila bodi kamili kwa miaka kadhaa. Uchaguzi wake wa Juni 2025 ulifutwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba mwaka huo.

Matokeo yake ni kwamba kampuni za simu hulazimika kuwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wewe uliye Kalundu, mwenzako wa Emali na mtu usiyemjua wa Kayole mnaweza kuonekana mtandaoni kama mtu mmoja kwa dakika hiyo hiyo.

Na mbona Nairobi? Kwa sababu data yako haiingii kwenye intaneti pale kwenye mnara wa kijijini. Husafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo mikuu ya kampuni, ambayo iko katika miji michache. Tovuti huona mlango uliotokea, haioni kiti ulichokalia. Ndiyo maana hata watu wa Makueni, ambako nyaya za intaneti kutoka Mombasa hupita zikielekea jijini, na ambako jiji la teknolojia la Konza limejengwa mpakani na Machakos, bado husomeka kama wakazi wa Nairobi.

Jinsi ya kuzijua anwani zako

Una anwani mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni ya ndani, ambayo ruta huipa simu yako ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwenye Android, ingia 'Settings', kisha 'Wi-Fi', ubonyeze jina la mtandao ulioko. Kwenye iPhone ni njia hiyo hiyo, ila unabonyeza alama ya 'i'. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua 'Command Prompt' uandike ipconfig. Ikianza na 192.168 au 10, hiyo ni ya ndani. Nyumba nyingi duniani zina 192.168.1.2, kwa hivyo kumtumia mtu nambari hiyo ni kama kumwambia unaishi chumba nambari mbili bila kutaja ploti.

Ya pili ni ya nje, ile uliyoiona kwenye tovuti mwanzoni. Hiyo ndiyo dunia inaiona.

Kama una intaneti ya nyumbani, kuna jaribio la kukuonyesha kama unatumia anwani na wengine. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1, utafute anwani ambayo ruta imepewa na kampuni. Linganisha na ile ya tovuti. Zikifanana, anwani ni yenu. Zikitofautiana, hasa kama ya ruta inaanza na 100.64 au 10, mko kwenye sanduku la shule.

Ukiona anwani ndefu yenye herufi na nukta mbili-mbili, huo ni mtindo mpya, IPv6. Huo una anwani za kutosha, haulazimishi watu kurundikana. Kumaanisha pia unaweza kuielekeza kampuni kwenye laini yako kwa urahisi zaidi.

'Nina IP yako, nakuja'

Sasa vitisho. Mtu mmegombana kwenye TikTok, anakuandikia kwamba ameshapata IP yako na anakuja kwenu. Au unapata barua pepe inayodai umerekodiwa, IP yako imenaswa, lipa au video itasambazwa. Tulia. Ukitumia data ya simu, alichonacho ni anwani inayosema Nairobi, ambayo huenda inatumiwa na mamia ya watu. Hawezi kufika Zombe kwa nambari hiyo. Kinachopaswa kukutisha ni linki inayokuomba PIN ya M-Pesa au nywila, maana hapo ni wewe mwenyewe unayempa ufunguo.

Lakini usijidanganye kwamba umejificha. Mwalimu wa shule hakuandikwa kwenye bahasha, ila alikuwa na orodha ya wanafunzi. Kampuni yako ya simu ina kumbukumbu. Ikipewa anwani, saa kamili na nambari ya poti iliyotumika, inaweza kuonyesha ni laini gani iliyokuwa hewani. Na laini Kenya husajiliwa kwa kitambulisho. Mnyororo ni huu: IP, kampuni, laini, kitambulisho, wewe.

Kwa hivyo swali la maana ni nani anaruhusiwa kuomba orodha hiyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 50, inamtaka polisi aende mahakamani kuomba amri ya kupewa taarifa za mteja. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu vitambulisho vya mtandaoni miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Ukiitwa ukaonyeshwa karatasi yenye IP, mwambie wakili wako aulize mambo mawili: amri ya mahakama iko wapi, na saa iliyoandikwa ni ipi. IP bila saa kamili haimtaji mtu yeyote.

Mambo hayajakaa pale pale. Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria hiyo ya 2018 mnamo Oktoba 15, 2025, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Mwaka huo huo, Mbunge wa Aldai Marianne Kitany alileta mswada wa kurekebisha sheria ya habari na mawasiliano, uliopendekeza kampuni za intaneti zimpe kila mteja nambari yake ya mita, kama ya stima, ili alipe kulingana na alichotumia. Unaweza kuona uzuri wake: kijana wa Kathonzweni anayetumia intaneti saa moja kwa siku asilipie mwezi mzima. Lakini mita inayohesabu matumizi ya kila mmoja pia ni daftari la matumizi ya kila mmoja. Sanduku la shule linageuka kuwa sanduku lenye jina lako mlangoni. Hilo ni jambo la kujadiliwa waziwazi, si la kupitishwa kimyakimya.

Wi-Fi ya ploti na kazi za mtandaoni

Kuna watu wawili ambao IP inaweza kuwauma mapema.

Wa kwanza ni yule aliyelipia intaneti kwa jina lake, akawauzia majirani wa ploti nywila kwa mia mbili, mia tatu. Mpangaji wa nyumba nambari sita akimtapeli mtu mtandaoni, kumbukumbu za kampuni zitaishia kwa mwenye akaunti, na yeye ndiye atakayegongewa mlango kwanza. Mwenye saiba Wote au Kitui mjini yuko kwenye mashua hiyo hiyo. Isitoshe, kuuza huduma ya intaneti bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Kama unasaidiana na jirani, angalau tenga mtandao wa wageni kwenye ruta, badilisha nywila mara kwa mara, na ujue nani anaitumia.

Wa pili ni wewe unayetafuta chapaa mtandaoni. Tovuti nyingi za kazi huangalia IP ili kujua uko nchi gani. Remotasks ilipositisha huduma zake Kenya mnamo Machi 2024, vijana wengi walibaki nje ghafla. Ndipo watu wakakimbilia VPN ili waonekane wako Marekani. Elewa unachofanya. VPN huonyesha tovuti anwani ya mtu mwingine, lakini kampuni ya VPN yenyewe inakuona, na nyingi za bure zinakula kwa kuuza data yako. Tovuti ya kazi ikigundua, hufunga akaunti, na malipo yako yanaweza kubaki huko. Na ukiwa umeingia kwa akaunti iliyosajiliwa kwa nambari yako ya simu, VPN haijakuficha chochote kwa mwenye tovuti.

Hata hivyo VPN ina mahali pake. Telegram ilipotatizwa wakati wa mitihani ya kitaifa Novemba 2023 na tena Novemba 2024, ndiyo iliyowawezesha wengi kuendelea na biashara na masomo. Na ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure sokoni au stendi, VPN nzuri huzuia mwenye mtandao huo kuona tovuti unazotembelea.

Wikendi hii, fanya mambo matatu. Angalia IP yako ya nje ukiwa kwenye data, kisha ukiwa kwenye Wi-Fi, uone tofauti. Badilisha nywila ya ruta kama bado ni ile iliyobandikwa chini yake. Kisha iandikie kampuni yako ya intaneti uulize inahifadhi kumbukumbu gani kukuhusu na kwa muda gani. Sheria ya Kulinda Data inakupa haki hiyo, na wakikunyamazia unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ukishajua wanachoweka, utajua pia la kumuuliza mbunge wako atakapokuja kuomba kura.