Kioo cha Mbele Kikikwaruzika

Juzi tulitoka Kilosa na watoto, tukafika Mikumi gizani. Taa za lori zilipogonga kioo cha mbele, mikwaruzo yote iling'aa, mume wangu asione njia. Na huko tembo na nyati huvuka barabara kuu!

Chanzo ni waipa kusugua vumbi kavu. Mwageni maji kwanza.

Pimeni kwa ukucha. Usiponasa, fundi aweza kung'arisha kwa unga wa seriamu uliolowanishwa, taratibu, kioo kisipate moto. Ukinasa, msichimbe, kioo kitapotosha macho ya dereva. Kibadilishwe. Dawa ya meno haiondoi mkwaruzo wa kioo.

Sisi wauguzi huwapokea majeruhi usiku. Heri gharama ya kioo kuliko kitanda cha wodi.