Selimundu haiambukizi, ila kikohozi cha mwanao kinaweza kumlaza mwenzake

Mama mmoja wa Igoma, anayeuza dagaa na nyanya sokoni, alinifuata hivi karibuni akiwa na daftari la sayansi la mwanawe wa darasa la tano. Alitaka nione ukurasa mmoja tu. Mwalimu aliandika safu mbili ubaoni, watoto wakanakili. Kushoto, magonjwa ya kuambukiza: kipindupindu, kifua kikuu, surua, malaria, kichocho, Ukimwi. Kulia, magonjwa yasiyoambukiza: kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, selimundu. Chini yake kulikuwa na zoezi la maswali kumi. Kijana alipata yote, na mama akaniambia kuwa karibu darasa zima lilipata yote.

“Sasa daktari,” akaniuliza, “kama wote wanajua haiambukizi, mbona hawataki kukaa naye?”

Mwanawe ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Macho yake huwa ya njano, na hukosa shule mara kwa mara kwa maumivu ya mifupa. Wenzake hawatumii kikombe alichonywea. Dawati la nyuma analikalia peke yake, wakati madawati mengine yamebanana watoto wanne wanne.

Mzazi mwenzangu, swali la mama huyu nimekaa nalo muda mrefu, kwa sababu linatuhusu sote. Watoto wale hawakukosa somo, wamelipata na wamefaulu. Tatizo liko kwenye somo lenyewe. Tunawafundisha majina ya magonjwa, hatuwafundishi njia ambayo ugonjwa unapita.

Hebu itazame tena safu ya kushoto. Malaria imo, lakini unaweza kulala kitanda kimoja na mgonjwa wa malaria, ukala naye sahani moja, na asikupe malaria. Anayeibeba kutoka kwake kuja kwako ni mbu. Kichocho nacho kimo, lakini mtoto hawezi kukipata kwa kumshika mkono mwenzake. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi au mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, vimelea huingia ndani ya konokono na kukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Pepopunda husababishwa na vijidudu, lakini hupatikani nayo kwa kumuuguza mgonjwa, maana vijidudu vyake hutoka kwenye udongo na kuingilia kwenye kidonda. Huku kulia iko saratani, ambayo kweli huwezi kuipata kwa kukaa na mgonjwa, lakini saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi, ndiyo maana mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanachanjwa.

Mtoto akiyakuta yote hayo yamewekwa kwenye safu mbili bila maelezo, anabaki na funzo moja kichwani: mgonjwa ni wa kukaa naye mbali. Safu ya kulia ataikariri kwa ajili ya mtihani, lakini akimwona mwenzake ana macho ya njano, atafuata woga wake.

Tena woga huo si wa kijinga. Ipo homa ya ini ambayo huleta macho ya njano na huambukiza kwa chakula na maji yenye uchafu wa kinyesi. Mtoto hajaambiwa kwamba njano ya mwenye selimundu ina chanzo kingine. Chembe nyekundu za damu za mtu mwingine huishi takribani siku 120. Za mwenye selimundu hukunjamana kama mundu na kuvunjika ndani ya wiki mbili au tatu. Rangi ya njano ni mabaki ya chembe hizo zilizovunjika. Haiko kwenye kikombe wala kwenye dawati.

Ndiyo maana naona mtoto wa shule ya msingi afundishwe kuuliza maswali matatu kwa kila ugonjwa: umetoka wapi, umepita wapi, umeingilia wapi? Kipindupindu kimetoka kwenye kinyesi, kimepita kwenye maji, mikono au chakula, kimeingilia mdomoni. Basi mtoto anajua cha kufanya: choo, sabuni, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Kichocho kinaingilia kwenye ngozi, kwa hiyo Jumamosi anapofuatana na wenzake kwenda kuogelea ziwani anajua hatari iko wapi, na anajua pia kwa nini kujisaidia ufukweni ni kumtega mtoto wa mwenzako. Kifafa kimepita wapi? Hakikupita popote. Yale mapovu ni mate tu, hayaambukizi. Lakini kwa kuyaogopa, kuna watu wameachwa waungue moto jikoni huku wengine wakitazama.

Selimundu nayo haina njia ya kupita kutoka dawati hadi dawati. Mtoto huzaliwa nayo, akiwa amepokea kinasaba kimoja kwa baba na kingine kwa mama. Nasisitiza baba, kwa sababu huku kwetu wanawake wengi wamelaumiwa, wengine wameachika, kwa ugonjwa ambao hauwezi kutokea bila wazazi wote wawili. Wazazi wote wakiwa wamebeba kinasaba, kila mimba ina uwezekano wa mara moja kati ya nne kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Wao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, wasijue lolote.

Na si jambo la nadra. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando kwa kupima damu za watoto wadogo wa mikoa ya kanda hii, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Darasa lenye watoto 100 mnalijua wazazi wa Igoma. Kwa hesabu hiyo, kama 20 humo wanabeba kinasaba bila kujua. Huenda mmoja wao ndiye anayekataa kukaa na mwenzake.

Kwa nini iwe nyingi hivi kandokando ya ziwa? Jibu lake lingefaa kufundishwa katika somo la kinga ya mwili. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Aliona kwamba pwani na karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, waliobeba kinasaba cha selimundu ni wengi, na nyanda za juu zenye baridi ni wachache sana. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayebeba kinasaba kimoja anakingwa dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, watoto wa namna hiyo walinusurika wakakua, wakazaa. Kinasaba hiki kilibaki kwetu kwa sababu kiliwalinda babu na bibi zetu. Anayepata viwili, kutoka pande zote mbili, halindwi. Kwake malaria ni hatari kubwa.

Hapo ndipo somo la kinga linapogeuza mambo. Watu wa Kanda ya Ziwa tunawajua sungusungu, kwa hiyo nitatumia mfano huo. Ngozi ni ukuta wa mji. Makohozi, machozi na asidi ya tumboni ni walinzi wa mlangoni. Chembe nyeupe za damu ndio sungusungu wanaozunguka usiku, na chanjo ni kuwaonyesha sura ya mwizi kabla hajafika. Bandama ni kizuizi ambacho damu lazima ipite ili vijidudu vikamatwe. Kwa mtoto mwenye selimundu, bandama huharibika mapema, mara nyingi akiwa bado mdogo sana. Kizuizi kile hakipo tena. Bakteria wanaoleta nimonia, ambao hukaa puani mwa watoto wengi wazima bila kuwadhuru, wakiingia kwenye damu yake wanaweza kumuua kwa siku moja au mbili.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mwanao hana selimundu, hatari haitoki kule unakodhani. Yule mtoto wa dawati la nyuma hawezi kumpa mwanao ugonjwa wake. Mwanao ndiye anayeweza kumpelekea mwenzake mafua, kikohozi au nimonia.

Sisemi haya ili sasa atengwe kwa jina la kumlinda. Mtoto huyu anahitaji shule na marafiki kama wengine. Anachohitaji kwa wenzake ni kile ambacho kila mtoto anapaswa kufanya: kukohoa kwenye kiwiko, kunawa mikono kwa sabuni, kukamilisha chanjo, na kubaki nyumbani siku yenye homa kali. Chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia imo kwenye ratiba yetu ya watoto tangu 2013. Ukimchanja wa kwako, umemlinda na wa jirani.

Walimu wataniambia mtihani unauliza zile safu mbili, na darasa lina watoto 100. Ni kweli, na siwalaumu. Lakini maswali matatu hayahitaji kitabu kipya wala maabara. Ugonjwa ukishaandikwa ubaoni, watoto waulizwe njia yake. Ni dakika tano. Neno moja tu la tahadhari: mtoto mgonjwa asisimamishwe mbele kuwa mfano. Yeye na mzazi wake ndio waamue nani aambiwe nini.

Kwako mzazi wa mtoto mwenye selimundu, usisubiri somo libadilike. Nenda umwone mwalimu wa darasa, umwachie karatasi yenye mambo haya na namba yako ya simu. Mtoto anywe maji mara kwa mara, na aruhusiwe kwenda chooni kila akiomba, kwani figo zake hutoa mkojo mwingi. Avae sweta siku za mvua na baridi. Asipewe adhabu ya kukimbia kuzunguka uwanja au kusimama juani, wala asichapwe kwa kukosa shule alipokuwa anaumwa. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akishindwa kupumua vizuri, akilegea mwili upande mmoja, au akipauka ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kengele ya kutoka isisubiriwe. Nyumbani, chandarua, dawa za kila siku na tarehe za kliniki zisirukwe hata akionekana mzima.

Na vijana mnaopanga kuoana, pimeni damu mjue kama mnabeba kinasaba. Kipimo hicho hakiwazuii kuoana. Kinawapa nafasi ya kujua mapema, ili mtoto akizaliwa apimwe na kuanza dawa za kinga kabla hajaugua.

Mama yule wa Igoma hakuniomba dawa. Aliniomba maneno ya kwenda kumwambia mwalimu, na hayo ndiyo niliyoyaandika leo. Nawe leo jioni mwanao akirudi, usimuulize tu amepata ngapi kwenye sayansi. Muulize selimundu inapita wapi. Akikujibu “haipiti popote, mtu anazaliwa nayo,” muulize swali la pili: je, kuna mtoto darasani kwenu anayekaa peke yake?