Ulanzi Hauna Haja ya Kuomba Radhi

Sancerre ni kimji kilicho juu ya kilima karibu na mto Loire, Ufaransa. Waini yake nyeupe hutengenezwa kwa zabibu za Sauvignon blanc, na wenyeji huinywa na jibini la maziwa ya mbuzi kutoka Chavignol, kijiji jirani. Hapo hakuna siri: pana mizabibu, pana mbuzi, watu wakala na kunywa walichokuwa nacho. Mwaka 1936 sheria ikalilinda jina hilo.

Sina ugomvi na Wafaransa. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma, tunaokariri kwamba waini nyeupe huendana na samaki na kuku, lakini tukiulizwa ulanzi huendana na nini, tunacheka.

Mimi najibu. Mtogwa, ulanzi uliogemwa leo, ni mtamu na mwepesi. Unywe na mahindi ya kuchoma au viazi vya kuchemsha. Mkangafu, uliolala ukachachuka, ndio wa kitimoto na ndizi za kuchoma. Samaki wa Ziwa Nyasa na wali wa mchele wa Kyela navyo vinaupokea vizuri, kwa kuwa uchachu hukata mafuta na shombo. Kanuni ni ileile ya Sancerre na jibini lake.

Wanaoudharau wana hoja tatu. Kwanza, eti ni pombe ya walevi wa vilabuni. Ulevi ni ulevi. Chupa yenye lebo ya Kifaransa haiugeuzi kuwa ustaarabu.

Pili, hautunziki. Ni kweli: mianzi hugemwa msimu wa mvua, na ulanzi huendelea kuchachuka hata ndani ya dumu. Lakini Beaujolais Nouveau nayo hunywewa ikiwa changa, na kila Alhamisi ya tatu ya Novemba Wafaransa huufanyia sherehe uchanga huohuo.

Tatu, uchafu, na wauzaji wanaoongeza maji na sukari. Hii ndiyo hoja nzito, ila inadai usimamizi, haidai dharau. Ufaransa yenyewe ilitunga sheria ya mwaka 1905 dhidi ya udanganyifu kwa sababu waini za kughushi zilikuwa zimezagaa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwetu hatujawahi kumsifu, na maji yanatiwa vilevile.

Anayeumia ni mgema mwaminifu. Hukata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, mbeta ikipokea tone kwa tone, kisha ulanzi wake safi huuzwa bei moja na uliochakachuliwa, kwa sababu mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha waliougema. Jina la mahali lingempa namna hiyo. Na jambo hili si ndoto kwa Afrika: mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulisajili na kulilinda jina la rooibos, chai ya Afrika Kusini.

Tusisubiri sheria ndipo tuanze. Mvua zijazo, hoteli za Iringa na Mbeya ziuweke ulanzi kwenye orodha ya vinywaji, pamoja na jina la kijiji na siku uliyogemwa. Mgeni akiuliza aunywe na chakula gani, mhudumu awe na jibu.