Barua ya Mwanafunzi Ijibiwe
Julai 1971, Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifukuzwa baada ya kuuandikia uongozi barua ya wazi. Mwongozo wa TANU, uliokemea ujeuri wa viongozi, ulikuwa haujatimiza nusu mwaka!

Leo silaha ya warasimu ni kimya. Kijana wa Mbwera, katika delta ya Rufiji, akinyimwa mkopo au matokeo, husubiri maji yajae, apande mashua hadi Nyamisati, kisha aifuate Kibiti kutafuta mtandao. Akishapeleka malalamiko, huambiwa asubiri. Hadi lini?

Ndugu watumishi, kulalamika si utovu wa nidhamu. Kila lalamiko lipewe namba, tarehe ya jibu na jina la mhusika. Asipojibu, yeye ndiye aitwe kujieleza.