Sanamu ziko kwetu, si kwa bibi

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Leo sina picha za theluji wala malalamiko ya bei ya unga wa ugali huku Uingereza. Leo nina donge, na wale ninaosali nao wakipita hapa wanivumilie mpaka mwisho.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu (sisi Waswahili tunakodi ukumbi tu) tulihubiriwa juu ya kuabudu sanamu. Saa nzima! Rozari, sanamu ya Bikira Maria, wazee wanaochinja mbuzi mgombani. Tukapiga makofi. Mimi nikamkumbuka bibi yangu wa Kibosho na rozari yake, ambaye binamu yangu mmoja (unajijua) alimwambia msibani kwamba anaabudu sanamu. Bibi akamwongezea chai.

Mahubiri yalipoisha likaja tangazo: mafuta ya upako, chupa moja pauni 20, na anayesubiri karatasi za ukaazi achukue mbili. Foleni ikafika mlangoni. Na msinione mtakatifu, foleni hiyo nimeipanga sana. Chupa yangu ilikaa miezi katika mfuko wa sare ya kazi, pamoja na kalamu na mkasi. Siku moja niliisahau, nikageuza njiani kuirudia, nikachelewa kupokea zamu. Hiyo kama si hirizi ni nini? Mganga anaifunga kwa kitambaa cheusi, sisi tumeibandika lebo.

Mtaniambia mafuta yamo katika Biblia. Yamo, sibishi. Hata nyoka wa shaba yumo! Musa alimtengeneza kule jangwani kwa agizo la Mungu mwenyewe, na waliong'atwa wakimtazama walipona. Someni Hesabu 21. Halafu nendeni 2 Wafalme 18, muone mfalme Hezekia alimfanya nini nyoka yule yule. Alimvunja vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Hakuwa mzimu wa wapagani, alikuwa kitu cha Musa, chenye ushuhuda wa uponyaji. Ndiyo maana nasema sanamu ya kanisani haitoki kwa bibi mwenye rozari. Inatoka katika kitu kilichowahi kutusaidia.

Na jamani tusisahau upesi. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo wagonjwa waliotolewa wodini kupelekwa huko. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi mjini kwetu, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini! Miili ilikuwa haijazikwa, na tayari kulikuwa na watu wanaomtetea mtumishi kwa ukali kuliko walivyowalilia marehemu. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Nimeshtuka mwaka huu, kwa ajili ya dada mmoja wa hapa kanisani. Alikuwa na presha, anameza vidonge vyake vizuri. Akaombewa, akapakwa mafuta, akashuhudia mbele yetu kwamba ameacha dawa. Tukashangilia. Baada ya ibada nilimpima jikoni, maana mashine ninayo kwenye gari: 188 kwa 112. Mimi, muuguzi mwenye digrii, nikamwambia nini? "Tuendelee kuomba, dada." Niliogopa mchungaji angesikia kwamba nampunguzia mtu imani. Wiki ya tatu akapata kiharusi. Leo mkono wake wa kushoto haushiki hata kijiko, na kanisani inanong'onwa kwamba alikuwa na dhambi ya siri.

Nimekaa na jambo hilo usiku mwingi. Wodini hatumuulizi mgonjwa kama ana presha, tunampima, kwa sababu presha haiumi. Sasa nimejipima hivi: ni nani niliyemwogopa kiasi cha kunyamaza mtu akidhurika? Si Mungu, maana Mungu hajawahi kunikataza kusema namba ninayoiona kwenye mashine. Ni mwanadamu mwenye suti na kipaza sauti, niliyemweka pale juu mwenyewe. Mwalimu wetu wa kipaimara alitufundisha, akimfuata Luther, kwamba kile moyo unachokiegemea ndicho mungu wako. Nilipata alama nzuri katika mtihani ule.

Na ninyi nyumbani msicheke, zamu yenu inakuja. Kila nikituma ada ya mtoto wa mtu napata ujumbe: "Baada ya Mungu ni wewe." Acheni, tafadhali. Au niseme ukweli wote: nimekuwa naupenda. Nausoma mapumzikoni saa tisa usiku, nachukua zamu nyingine ya Jumapili, nyumba ya pale Moshi inapanda tofali mbili. Mara ngapi mmenipigia kuhusu homa ya mama kabla hamjampeleka hospitali iliyo mita chache kutoka sokoni? Mwezi ule nilioumwa mgongo, nikashindwa kutuma, watu watatu hawakunijulia hali mpaka leo. Siwataji. Lakini madhabahu hiyo tumeijenga pamoja, ninyi na mimi, nami ndiye niliyekuwa nimekaa juu yake.

Pesa nitatuma kama kawaida, msiwe na wasiwasi! Ila ujumbe ule sitaki tena.

Chupa nimeimwaga sinki, ikanuka marashi ya kawaida tu. Jumamosi ni kikao cha wanawake na zamu ya kufundisha ni yangu. Nitakwenda na mashine ya presha, na nitaanza kwa kueleza nilichomwambia yule dada jikoni. Mchungaji ameshasikia, amenitumia ujumbe kwamba anataka kuniona Ijumaa. Nitaandika hapa kilichotokea.