Barua chini ya godoro



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma. Wengine walipoondoka, akatoa barua tatu ndani ya kikapo. Zilitoka kwenye kooperative ambako alikopa dola 1500 kwa biashara yake ya vitenge, parsela ya familia ikiwa dhamana. Bwana wake alitia sahihi pamoja naye siku ya kukopa, lakini hakujua kama malipo yamesimama tangu miezi mitatu. Barua zilikuwa chini ya godoro.

Nikamuuliza: «Mama, kwa nini ulinyamaza?» Akajibu: «Dada, ni haya.»

Mtoto aliugua, mtaji ukaishia hospitali. Tena anauza kwa franka, lakini analipa kwa dola. Hilo si kosa la kuficha. Kuficha ndiko kunaleta hatari.

Tuelewane juu ya mambo mane:

Kwanza, nenda kwa mkopeshaji mbele ya kuitwa. Omba wapange upya malipo, na mapatano yaandikwe. Neno la mdomo halilindi nyumba.

Pili, usikope kwa mwingine ili kulipa wa kwanza. Ni kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Tatu, ujue haki yako. Kode ya Familia inaomba mapatano ya bwana na bibi mbele ya kuweka nyumba kuwa dhamana. Na tangu 2012 inchi yetu imo katika OHADA: mkopeshaji hawezi kuja yeye mwenyewe kukufukuza na kuuza nyumba yako. Wisiye analeta kwanza karatasi ya kudai malipo, kisha mambo yanapita tribinali. Karatasi hiyo ina siku za kuhesabu. Ukiipokea, siku ileile itafute avoka ao wale wanaosaidia wamama kwa mambo ya sheria. Usiiweke chini ya godoro.

Ine, kuna wakopeshaji wa mtaani wanaokuomba utie sahihi kwenye karatasi ya kuuza parsela, eti «ni dhamana tu». Kataa. Siku utakaposhindwa kulipa, hawatakuita mdeni, watasema uliuza.

Yule mama alimwambia bwana usiku uleule. Alikasirika, hakula. Asubuhi akavaa viatu, akasema: «Twende.» Nikawasindikiza. Jeran akakubali kugawanya deni kwa miezi kumi, na ikaandikwa. Deni lingaliko, na mwezi mmoja ukikosa, tutarudi pale pale. Lakini sasa wanalihesabu wawili.

Kwa mkutano ujao, kila mama aliye na deni alete karatasi yake ya mkopo. Asiyejua kusoma Kifaransa, tutamsomea polepole, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna atakayecheka.

Mubaki na amani.