Ramani za umeme ziletwe vijijini zikaguliwe



Natoa maoni yangu juu ya jinsi umeme unavyopangwa siku hizi kwa kompyuta.

Wataalamu huchukua picha za setilaiti, wakahesabu mapaa na kupima umbali wa makazi hadi laini ya umeme. Kisha kompyuta hulinganisha gharama za kuvuta laini, kujenga mtambo mdogo wa mahali, au kufunga umeme wa jua kila nyumba. Programu moja ya aina hiyo, OnSSET, ilitungwa na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, Uswidi, nayo imekwisha tumika katika utafiti juu ya Tanzania. Siipingi hata kidogo. Nchi ni kubwa na fedha ni kidogo, hivyo lazima tupige hesabu.

Lakini paa halisemi kilicho chini yake. Ruaha Mbuyuni iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa. Malori husimama usiku, hoteli ziko wazi, vitunguu vinapakiwa. Kijiji cha kilimo cha mvua chenye mapaa kama yetu kitaonekana sawa nasi kwenye ramani. Tukikadiriwa sawa, sisi tutapewa transfoma itakayozidiwa, au wenzetu watapewa kubwa isiyo na kazi. Vyovyote vile, hasara ni ya wananchi.

Maji ya Mto Ruaha hutoka Mtera, penye mitambo ya megawati 80, yakapita kwetu hadi Kidatu, penye megawati 204. Wanaoyaona yakipita nao waulizwe mahitaji yao.

Nashauri kabla hesabu haijafungwa, halmashauri ilete ramani hiyo katika mkutano mkuu wa kijiji. Walimu na wanafunzi waweke alama penye mashine ya kusaga, pampu, ghala na zahanati. Jambo hili linawezekana. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa na mifereji ili kujikinga na mafuriko. Kila kijiji chenye shule kina watu wa kuifanya kazi hiyo, na gharama yake haifikii bei ya transfoma moja.

Naiomba Wizara ya Nishati ilifikirie.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ruaha Mbuyuni,
Kilolo, Iringa.